Damu ya Mzazi Ipimwe, Isikisiwe

Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, kwa magavana wa kaunti, na kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya

Waheshimiwa,

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoani Kigoma, watafiti walikabiliwa na swali linaloonekana dogo. Mkunga wa jadi yuko kijijini, usiku, kwenye mwanga wa koroboi. Hana mizani wala jagi lenye mistari. Atajuaje kwamba damu inayomtoka mzazi imevuka mpaka?

Jibu lilikuwa kiunoni mwa mzazi mwenyewe. Dkt. Godfrey Mbaruku, daktari wa akina mama aliyeijua Kigoma nje ndani, pamoja na watafiti wenzake Ndola Prata na Martha Campbell, waliitazama kanga. Kila nyumba inayo, na ukubwa wake haupishani sana kutoka duka hadi duka. Wakunga wa jadi wakafundishwa hivi: kanga mbili zikilowa chapachapa, damu imefika nusu lita au imepita, usisubiri ya tatu. Mwekee mama vidonge vya misoprostoli kwa njia ya haja kubwa, kisha mwangalie kwa karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba kwenye vijiji vya wakunga waliofundishwa hivyo, chini ya asilimia 2 ya wazazi waliotokwa damu nyingi walilazimika kupewa rufaa. Kwenye vijiji ambako mafunzo hayakutolewa, walikuwa asilimia 19.

Barua hii inaanzia Kigoma kwa sababu ombi lake lote limo ndani ya kanga zile mbili. Damu ya mzazi ipimwe, isikisiwe. Na ipimwe kila mahali mwanamke anapojifungulia, kuanzia hospitali ya rufaa mpaka zahanati ya mwisho wa barabara.

Anayedhani damu nyingi haiwezi kufichika hajasimama kwenye chumba cha kujifungulia. Damu ya uzazi haitoki peke yake. Inachanganyika na maji ya uzazi, inanywewa na kanga na pamba, inateremkia kwenye ndoo chini ya kitanda, na nyingine hujikusanya ndani ya mji wa mimba bila mtu kuiona. Mara nyingi haifumuki kama bomba lililopasuka. Inachuruzika taratibu, nusu saa, saa nzima, huku mtoto analia, ndugu wanauliza habari mlangoni, na mama wa kitanda cha pili naye ameanza kusukuma. Mkunga yuko peke yake, na macho yake yana kazi tano kwa wakati mmoja.

Mwili wa mjamzito nao una tabia ya kuficha. Umebeba damu ya ziada kwa miezi kadhaa, kwa hiyo presha na mapigo ya moyo huweza kubaki vizuri kwa muda hata damu nyingi ikishapotea. Vinapoanza kuyumba, dakika za thamani zimekwisha. Mimba ikitimia, mji wa mimba hupitiwa na takriban nusu lita ya damu au zaidi kila dakika, na usipokaza baada ya kondo la nyuma kutoka, mama mwenye afya njema anaweza kufikia hali ya hatari kabla gari la wagonjwa halijawashwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walifariki kwa sababu za ujauzito na uzazi. Kutokwa damu ndiyo sababu inayoongoza. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilipata vifo 355 kwa kila vizazi hai 100,000. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulipata vifo 104, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Hatua hiyo inastahili pongezi, na wakunga waliokesha kuifanikisha wanastahili zaidi. Lakini waliobaki nyuma ya hesabu hizo ni wanawake, na wengi wao wangeweza kurudi nyumbani na watoto wao.

Mei 2023, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na ulihusu wazazi 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Uliongozwa na Profesa Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kwa ushirikiano na WHO. Upande wa huku kwetu walikuwemo Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Dkt. Fadhlun Alwy wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Haukuwa utafiti wa maabara za mbali. Ulifanyika kwenye wodi zetu, kwa mikono ya wakunga wetu.

Chombo chenyewe, Waheshimiwa, ni karatasi ya plastiki. Mtoto akishatoka, mkunga huipitisha chini ya makalio ya mzazi, huifunga kiunoni kwa kamba zake, na ncha ya chini huiacha ining'inie ukingoni mwa kitanda. Ncha hiyo ina mfuko uliochongoka kama faneli, na juu ya mfuko imechapwa mistari ya mililita. Damu yote inakwenda huko. Mkunga huutazama mfuko kila baada ya dakika 15 kwa saa nzima ya kwanza, pamoja na ugumu wa mji wa mimba na mtiririko wa damu, na hupima presha na mapigo ya moyo. Damu ikifika mstari wa 300 na kimojawapo kati ya hivyo kina kasoro, anaweza kuanza matibabu. Ikifika mstari wa 500, anaanza bila kusubiri dalili nyingine yoyote.

Hospitali ziligawanywa kwa kura. Nusu zilipata plastiki yenye mistari, mafunzo na utaratibu mpya wa matibabu. Nusu ziliendelea na kazi kama zilivyozoea. Hizi za pili nazo zilikusanya damu kwenye plastiki, lakini isiyo na mistari, na damu ikapimwa kwa mizani baadaye ili watafiti wajue ukweli. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza. Kwenye hospitali zenye mistari, wakunga waliwatambua wazazi 93 katika kila 100 waliotokwa damu nyingi. Kwenye hospitali za makisio, waliwatambua 51.

Takwimu hiyo haipaswi kupitwa haraka. Karibu nusu ya wazazi waliokuwa wakivuja damu kupita kiasi walikuwa hospitalini, kitandani, mbele ya mtaalamu aliyesomea kazi yake, na mtaalamu hakujua. Kosa halikuwa uzembe wake. Alipewa kazi ya kupima bila kupewa kipimo.

Yaliyofuata yalitegemea hapo. Matibabu kamili yalitolewa kwa asilimia 91 ya waliohitaji kwenye hospitali za utaratibu mpya, na asilimia 19 kwenye zile nyingine. Watafiti walihesabu pamoja wazazi waliotokwa damu lita moja au zaidi, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kwa ajili ya damu, na waliofariki kwa kutokwa damu. Kwenye hospitali za kawaida walikuwa asilimia 4.3 ya wazazi wote. Kwenye hospitali za utaratibu mpya walikuwa asilimia 1.6. Kwa lugha ya wodini, katika kila wazazi 1,000, wale waliofika kwenye ukingo huo walipungua kutoka 43 hadi 16.

Plastiki peke yake haikuleta hayo yote, na itakuwa makosa kuinunua kwa wingi na kuacha mengine. Mstari ukifikiwa, mkunga hufanya mambo yote kwa mpigo badala ya kujaribu moja na kungoja: anakanda mji wa mimba, anatoa oksitosini ili ukaze, anatoa dawa ya kulinda damu iliyoganda isiyeyuke, iitwayo asidi ya traneksamiki, anaweka dripu, anakagua kama kuna mchaniko au mabaki ya kondo, na anaita msaada damu isipokoma. Vifaa vyote hukaa tayari kwenye toroli au begi moja, ili mtu asikimbilie stoo kutafuta ufunguo wakati damu inamwagika. Kila hospitali ilikuwa na mkunga na daktari wa kuwasukuma wenzao, na matokeo yake yalirudishwa kwa wafanyakazi ili wajione wanaendeleaje.

Kila kimoja katika vitu hivyo nacho kina utafiti nyuma yake, na wanawake wa Afrika Mashariki wamo humo. Asidi ya traneksamiki ilivumbuliwa Japani na mwanasayansi Utako Okamoto akiwa na mumewe Shosuke, katika miaka ya 1960. Miaka ilipita bila mtu kuijaribu ipasavyo kwa wazazi. Hatimaye utafiti wa WOMAN ukawahusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Matokeo yalitoka mwaka 2017: mama akipewa dawa hiyo ndani ya saa tatu tangu kujifungua, uwezekano wa kufa kwa kutokwa damu ulipungua kwa karibu theluthi moja. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa takriban asilimia 10. Mama Okamoto alifariki mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya habari hiyo kutoka.

Wakunga wanajua pia taabu ya oksitosini. Inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na umeme wa zahanati nyingi hauna ahadi. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018, ulipima dawa ya kabetosini isiyoharibiwa na joto, kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Ilionekana kuzuia utokaji damu vizuri sawa na oksitosini. Mwaka 2019 WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu.

Utafiti wa kweli husema pia hapana, na hilo nalo ni faida. Katika utafiti wa WOMAN-2, wazazi zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu, wengine wao kutoka Tanzania, walishiriki ili ijulikane kama asidi ya traneksamiki ikitolewa mapema, kabla damu haijazidi, itazuia tatizo. Mwaka 2023 jibu likaja: kwa namna hiyo haikusaidia. Kwa hiyo mama mwenye upungufu wa damu hana kinga ya kichupa kimoja. Kinachomwokoa ni kutibiwa upungufu huo wakati wa kliniki, na kutambuliwa mapema damu inapoanza kumtoka.

Ndipo linapokuja suala la deni.

Azimio la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti kwa binadamu tangu mwaka 1964 na lililorekebishwa mara ya mwisho Oktoba 2024, linataka mipango ya kuwafikishia washiriki kilichothibitika kuwasaidia ifanywe kabla utafiti haujaanza. Kamati za maadili za Tanzania na Kenya hulisoma azimio hilo kila zinapopitisha maombi. Wanawake wa Kenya na Tanzania walilala kwenye vitanda vya E-MOTIVE, damu yao ikamiminwa, ikapimwa na kuandikwa. Kutokana na damu hiyo dunia imepata elimu. Desemba 2023 WHO ilipendekeza rasmi damu ya mzazi ipimwe kwa chombo na matibabu yatolewe kwa pamoja. Oktoba 2025, ikiwa na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa akina mama, ilitoa mwongozo mpana unaosisitiza upimaji huo na kuchukua hatua mapema, kuanzia mililita 300 mama anapoonyesha dalili za hatari. Miongozo hiyo inasomwa Geneva, London na New Delhi. Inapaswa kuonekana kitandani Kasulu, Micheweni na Garissa.

Hofu ya wengi wanaofanya kazi wodini ni moja, na inafahamika na kila aliyewahi kuona mradi ukifungwa. Mradi ukiwepo, maboksi ya vifaa hujaa stoo, magari huja na wageni, semina hufanyika. Mradi ukiisha, boksi la mwisho hufunguliwa, na mkunga hurudi kukisia kwa macho. Kumfundisha mtu kupima kisha kumnyang'anya kipimo ni kumtwisha huzuni mpya, kwa sababu sasa anajua asichokiona.

Watasema wengine kwamba fedha hazitoshi. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake limo ndani ya rejista za hospitali zenyewe. Mama aliyepoteza lita moja na nusu anahitaji chupa za damu, chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, mara nyingine kuondolewa mji wa mimba, na siku nyingi za kulazwa. Gari la rufaa linachoma mafuta usiku. Nyumbani kuna watoto wanaosubiri na shamba lililosimama. Karatasi ya plastiki yenye mistari haiwezi kushindanishwa na bili hiyo.

Watasema wengine kwamba wakunga ni wachache, hawawezi kusimama kutazama mfuko kila robo saa. Ukweli ni kwamba uchache wao ndio unaofanya mistari iwe ya lazima. Mkunga mmoja mwenye wazazi watatu anapata jibu kwa kutupa jicho mara moja, na hata mwanafunzi wa uuguzi anaweza kusoma namba na kupiga kelele. Suala la taka za plastiki nalo ni la kweli. Linahitaji tanuru za kuchomea taka zinazofanya kazi, jambo ambalo vituo vinalihitaji hata bila plastiki hii.

Mfano wa kwamba mradi unaweza kuwa mali ya taifa upo. Huduma ya m-mama, ya kumsafirisha mjamzito au mzazi mwenye dharura, ilianza kama majaribio Kanda ya Ziwa. Leo mwananchi wa Tanzania anapiga 115 bila malipo na usafiri unatafutwa. Serikali iliamua, na jambo likakaa. Lakini 115 hupigwa na mtu aliyekwisha kutambua hatari. Asiyepima damu anachelewa kuipiga.

Upo mfano wa zamani zaidi, nao unaturudisha Kigoma. Kati ya mwaka 1984 na 1991, Dkt. Mbaruku huyo huyo, akiwa hospitali ya mkoa, alianza na tathmini ya vifo vyote vya wazazi, kisha yeye na wenzake wakatekeleza mambo 22 ya kurekebisha kazi, mengi yakitegemea mikono na vifaa vilivyokuwepo. Vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Wakati huo nchi ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na Kigoma ilikuwa mwisho wa reli kwa kila maana. Marehemu Mbaruku alihesabu kwanza, akatenda baadaye. Kanga mbili za mwaka 2005 zilitoka kwenye akili ile ile.

Kwa hiyo barua hii inaleta maombi manne.

La kwanza, kipimo cha damu chenye mistari kiingizwe kwenye orodha ya vifaa vya lazima vya uzazi, kinunuliwe kupitia Bohari ya Dawa na mamlaka ya vifaa tiba ya Kenya, KEMSA, kwa fedha za bajeti, na kihesabiwe kwa idadi ya wanaojifungua, kama zinavyohesabiwa glavu. Asidi ya traneksamiki na oksitosini yenye ubaridi wa uhakika, au kabetosini isiyohofia joto, viandamane nacho. Kipimo kisicho na dawa kitamwonyesha mkunga msiba tu.

La pili, pale kwenye kumbukumbu za kujifungua panapoandikwa makisio ya damu, paandikwe mililita zilizopimwa. Mganga mkuu wa wilaya akipita kukagua, aanze na safu hiyo. Namba zikiwa zinafanana kila siku, 200, 200, 200, atajua kwamba hakuna anayepima.

La tatu, utafiti ushuke ngazi. E-MOTIVE ulifanyika hospitalini, na wanawake wengi hujifungulia kwenye vituo vya afya na zahanati, ambako kuna mkunga mmoja na hakuna damu ya kuongeza. Taasisi za utafiti wa tiba za Tanzania na Kenya, NIMR na KEMRI, pamoja na vyuo vikuu vyetu, zipewe fedha za ndani kuuliza utaratibu huu utendeke vipi huko, kwa akina mama wa huko.

La nne, wazazi waambiwe. Mama anapoleta mtoto kliniki wiki ya sita, arubaini imekwisha na akili imetulia, anaweza kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kwamba hospitali za nchi yake zilifanya utafiti huu, ulipata hiki, na kwamba uzazi ujao ana haki ya kuuliza: damu yangu inapimwa kwa kipimo gani? Mumewe na mama mkwe wake waelezwe pia, kwa kuwa wao ndio husimama mlangoni.

Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza tarehe 1 Julai, na makisio ya vifaa huandikwa miezi mingi kabla, na mfamasia wa wilaya au kaunti aliyeketi na karatasi mbele yake. Barua hii inaomba mstari mmoja uongezwe kwenye karatasi hiyo, na majibu ya Waheshimiwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila wodi ya wazazi, ambapo mkunga wa zamu ya usiku atayasoma.

Kwa heshima na taadhima.